Herufi Sabini na Sita za Mwenyekiti

Ndama wa Dorcus alizaliwa mweusi mwenye mabaka meupe, na hilo likawa kosa lake la kwanza duniani. Kompyuta ya Ushirika wa Wafugaji wa Kapsoswet ilikuwa imekwisha kusema kwamba baba yake ni Jenerali, dume mwekundu wa aina ya Sahiwal, aliyekufa kwa uzee mwaka wa 1981. Sasa ilikuwa Mei 1996. Jenerali alikuwa na miaka kumi na mitano kaburini na bado, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa akifanya kazi kila siku isipokuwa Jumapili.

Wala hakuwa ndama wa Dorcus peke yake. Nyamusi, binti aliyeajiriwa na ushirika kuitunza ile kompyuta, alichapa orodha ya ndama wote walioandikishwa tangu Machi. Walikuwa hamsini na wanane. Baba: Jenerali. Baba: Jenerali. Baba: Jenerali, ukurasa baada ya ukurasa. Akatia herufi za jina lake chini, N.O., kama utaratibu ulivyotaka, akaipeleka orodha kwa kamati, akarudi mezani pake kunywa chai. Hakujiuliza lolote. Hilo ndilo lililokuja kumnyima raha baadaye, kwamba ile chai ilimshuka vizuri kabisa.

Kamati ilihitaji mkosaji, na haikwenda mbali kumtafuta. Mtu aliyepandisha ng'ombe wote wa Kapsoswet kwa mbegu za dume zilizogandishwa kwenye mirija alikuwa mmoja tu, Kipngeno, mzee wa miaka hamsini na mitatu mwenye pikipiki ya bluu, mtungi wa nitrojeni nyuma, na glavu za plastiki zinazofika begani. Alikuwa katika kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Hapakuwa na mwanakamati ambaye ng'ombe wake hakujuana na Kipngeno kwa undani.

Baada ya vikao vitano na kilo nyingi za nyama, kamati iligundua kwamba Kipngeno alikuwa akiuza mirija mizuri ya Friesian, wale weusi kwa weupe wa maziwa mengi, kule Kipkelion, kisha anawapandishia wanachama mirija ya zamani ya Jenerali. Hakuna aliyeuliza mirija hiyo ilitoka wapi. Jenerali hakuwahi kukamuliwa mbegu hata tone. Alipokuwa hai alifanya shughuli zake kwa miguu yake mwenyewe. Na hakuna aliyewatazama ndama. Tuseme ukweli, katibu Kipruto aliwatazama, kwa sababu alitumwa. Aliandika katika ripoti: "Rangi ya ndama haiambatani na kumbukumbu za kompyuta. Ndama wachunguzwe zaidi."

Kipngeno alikuja mbele ya kamati na gunia la vitabu vya risiti, kila kitabu na nakala zake za kaboni. Tarehe, jina la mwenye ng'ombe, namba ya mrija. Kipruto aliinua kitabu kimoja kwa vidole viwili.

"Hii ni mkono imeandika," alisema. "Mkono inaweza danganya. Kompyuta haina mkono."

Wazee wakaitikia hekima hiyo kwa vichwa. Kipngeno akasimamishwa kazi hadi mkutano wa Ijumaa ya mwisho ya Juni, siku ambayo angefutwa rasmi. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu hawakungoja Ijumaa yoyote. Alipopita na pikipiki kuwajulia hali wagonjwa wake wa miguu minne, malango yalifungwa mbele yake, kwanza moja, kisha matatu, hatimaye ishirini na sita. Priscah, mkewe, akaacha kwenda kwenye maombi ya akina mama kanisani, kwa sababu walikuwa wameanza kuwaombea watu wanaodanganya juu ya baba za viumbe, na walikuwa wanaomba huku wamefumbua jicho moja.

Nyamusi hakufunga lango lolote, maana hakuwa na ng'ombe. Aliendelea tu na kazi yake mpaka asubuhi moja Dorcus alipoingia ofisini akimvuta ndama kwa kamba. Dorcus alikuwa mjane mwenye ekari moja ya majani chai na ulimi usiokwenda likizo. Ndama alisimama katikati ya chumba, akanusa printa, akaanza kutafuna karatasi.

"Nyamusi, wewe uko na macho," alisema Dorcus. "Huyu ni rangi gani?"

"Nyeusi na nyeupe, mama."

"Na hiyo kitu yako inasema nini?"

"Inasema baba ni Sahiwal."

"Basi chagua. Mimi nimekuja na ndama. Wewe uko na karatasi."

Nyamusi alimtazama ndama, na uso ukamwaka moto. Alikuwa amesoma kompyuta miaka mitatu Nairobi. Alijua, kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima, kwamba mashine haijui chochote isipokuwa ilichoambiwa. Na bado alikuwa ameitilia sahihi orodha iliyomharibia mtu jina lake. Alimwomba Dorcus radhi hapo hapo, na Dorcus akamwambia radhi hiyo aipeleke inakohusika.

Akaipeleka. Alimkuta Kipngeno nyuma ya nyumba akipima nitrojeni kwenye mtungi kwa kijiti, kwa sababu mirija haijui kama mtu amesimamishwa kazi, ikikosa baridi inakufa. Nyamusi akasema aliyokuja kusema. Mzee hakumwambia "si kitu", maana kilikuwa kitu.

"Binti ya Okemwa," alisema mwishowe, "mimi nilijua kompyuta imekosea. Lakini sikujua mahali imekosea. Wewe unaweza jua?"

"Nikipata mafaili, naweza."

Mafaili hayo yalikuwa na historia. Kompyuta ililetwa na mradi wa wafadhili mwaka wa 1991. Mtaalamu wao, mzungu mwembamba aliyependa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kupita kiasi, aliona kununua mfumo wa dukani ni anasa, akaandika wa kwake kuanzia chini kabisa: ule unaoiamsha mashine, unaogawa nafasi za kumbukumbu, unaoweka kadi za ng'ombe kwenye diski na kuzitoa. Alipomaliza aliichapa programu yote kwenye karatasi, akaijaza katika mafaili manne meusi, akapanda ndege akaenda zake. Siku ya uzinduzi kompyuta ilivikwa kitambaa cha kufumwa na kuombewa na wachungaji wawili. Mafaili hayakuombewa wala kufunguliwa. Yalikuwa chini ya kiti cha mwenyekiti kwenye chumba cha mikutano, moja kila mguu, kumwinua kidogo kuliko wengine wakati wa kupigwa picha.

Nyamusi aliyatoa akaweka matofali manne mahali pake. Hakuna aliyeona tofauti.

Kwa siku tisa alisoma. Alijibanza mchana kwenye stoo ya chakula cha ng'ombe, juu ya magunia, karibu na dirisha linalotazama majani chai ya kampuni, akifuata mstari kwa mstari safari ya kadi kutoka kwenye kibodi hadi kwenye diski. Siku ya tano alifika mahali mfumo unapotengeneza kichwa cha kadi katika kumbukumbu kabla ya kukiandika. Kwanza lilikuwa jina la mwenye kuidhinisha, kisanduku cha herufi thelathini na mbili, ya mwisho ikiwa alama ya kufunga. Mara tu baada yake, ukuta kwa ukuta, ilikuwa anwani ya mahali kadi ya baba ilipo kwenye diski. Na jinsi jina lilivyowekwa ilikuwa hivi: chukua herufi, weka, chukua nyingine, weka, mpaka jina liishe. Hapakuwa na mahali palipouliza kama kisanduku kimejaa. Mzungu yule alikuwa mtu wa jina fupi, akadhani dunia yote imeumbwa hivyo.

Nyamusi alijiuliza ni nini kilibadilika Machi, na jibu likamjia akataka kucheka na kulia pamoja.

Kwa miaka mitano kadi zote zilitoka na idhini ya J. K. MARITIM. Lakini Februari mwenyekiti alipata udaktari wa heshima kutoka chuo cha Biblia cha ng'ambo, shahada iliyomfikia kwa posta katika bahasha ya kaki. Alikuwa tayari mzee wa kanisa. Aliwahi pia kuwa diwani muhula mmoja, na neno Mheshimiwa likamganda kama kupe. Machi kamati ikapitisha azimio namba saba: hakuna kadi wala barua itakayotoka kwenye kompyuta bila jina la mwenyekiti pamoja na vyeo vyake vyote, na visifupishwe, kwa maana heshima haiandikwi kwa kifupi. Nyamusi mwenyewe ndiye aliyeliingiza. MHESHIMIWA DAKTARI MZEE WA KANISA MWENYEKITI JOSHUA KIPCHIRCHIR ARAP MARITIM. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Herufi sabini na sita, pamoja na nafasi.

Kwa hiyo kila kadi iliyofunguliwa na kuhifadhiwa tangu siku ile, vyeo vya mwenyekiti vilijaa kisandukuni, vikamwagika, na mabaki yakaangukia juu ya anwani ya baba na kuifuta. Mashine ikitumwa kumtafuta baba ilikuwa inakwenda mahali pasipokuwepo. Na mfumo ule ulikuwa na tabia moja mbaya, ambayo Nyamusi aliifahamu vizuri kwa kuhudhuria vikao: haukuweza kusema sijui. Ukipotea, ulirudi kimya kimya kwenye kadi ya kwanza kabisa ya diski, kadi ambayo mzungu aliiandika kwa majaribio alipoambiwa amtaje dume yeyote maarufu wa hapa. Jenerali.

Fundi mwingine angeishia hapo. Nyamusi alikuwa ameona aibu, na aibu ikishika mtu mwenye akili inamfanya mchapakazi. Akaendelea kusoma, akakuta mengine mawili. La kwanza, mfumo ulikuwa ukirudisha nafasi ya kumbukumbu kwa kusema kwamba hauihitaji tena, halafu unaenda kuitumia kana kwamba bado ni yake. Hilo alilielewa bila shida. Baba yake, Okemwa, alichuma majani chai kwenye mashamba ya kampuni miaka thelathini, na alipostaafu alirudisha nyumba lakini akasahau kurudisha ufunguo. Alasiri moja alirudi kuchukua jembe lake, akafungua mlango, akamkuta mama asiyemjua akikaanga vitunguu. La pili, nafasi ileile ilikuwa inaweza kurudishwa mara mbili, kisha ikagawiwa kadi mbili tofauti, kila moja ikiamini iko peke yake. Hilo nalo halikumshangaza mtu aliyekulia nchi hii na kuona ploti zinavyogawiwa.

Akarekebisha yote matatu. Nafasi iliyorudishwa, ufunguo wake ukavunjwa. Nafasi ikirudishwa mara ya pili, mfumo ukakataa. Na mashine ikipotea, sasa ingesema imepotea. Lililompa taabu ni jina. Njia nyepesi ilikuwa kulikata linapojaa. Alijaribu, na skrini ikaonyesha MHESHIMIWA DAKTARI MZEE WA KANI. Vyeo vimepanda, mwenyewe kaachwa stendi. Nyamusi alicheka peke yake mbele ya skrini, lakini akaifuta. Kumkata mtu jina bila kumwambia ni uwongo vilevile, na uwongo wa mashine alikuwa ameuchoka. Akaandika badala yake kwamba jina likizidi, mashine isihifadhi kitu, iseme: JINA NI REFU MNO. MWISHO NI HERUFI 31.

Siku mbili za mwisho Kipngeno alikuja ofisini na gunia lake, akakaa upande wa pili wa meza akisoma risiti moja moja kwa sauti, na Nyamusi akirudisha anwani za baba mahali pake, kila kadi kwa idhini ya J. K. MARITIM kama zamani. Hamsini na wanane. Ndama wa Dorcus alipata baba Friesian, hai, mwenye kilo mia tisa.

Ijumaa ikafika. Chumba kilikuwa kimejaa wanachama, wanakamati tisa mezani, mwenyekiti katikati juu ya matofali yake, suti ya kijivu, tai nyekundu. Nyamusi alisimama mbele yao. Kipngeno alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, kofia mapajani.

"Wazee wetu na mama zetu," alianza Nyamusi, "ndani ya kompyuta, jina liko na shamba lake. Ni herufi thelathini na moja, na moja ya kufunga lango. Jirani yake ni anwani ya baba ya ndama. Tangu March tunaandika jina ya herufi sabini na sita. Zile zinazidi zinavuka mpaka, zinapanda kwa jirani."

Kila mtu alielewa papo hapo, kwa kuwa nusu ya chumba walikuwa na kesi ya mpaka kwa chifu, na nusu nyingine ndio waliousogeza. Macho yote yakaenda kwa mwenyekiti, yakarudi haraka.

"Madam," alisema mwenyekiti polepole, "unaniambia ya kwamba jina yangu imeharibu ng'ombe ya watu?"

"Si jina, Mheshimiwa. Ni vile hiyo system haikuwa na ua. Nimeweka ua. Na Mzee Kipngeno hajawahi kosea hata mrija mmoja. Mimi ndiye nilisign ile orodha bila kuangalia. Nimekosea, na ninaomba msamaha mbele yenu."

Dorcus, kutoka katikati ya chumba, akasema kwamba ndama wake anaunga mkono hoja. Watu wakacheka, na cheko hilo likawalazimisha wanakamati kukubali jambo ambalo hoja peke yake isingeweza. Wakanong'onezana. Lakini kamati haikai wiki tatu ikala mbuzi wawili kisha itangaze kwamba ilikuwa inafukuza upepo. Kipruto akasimama akasoma: kamati, kwa moyo wa Kikristo, imeamua kumsamehe ndugu Kipngeno na kumrudisha kazini, kuanzia pale atakapopewa barua rasmi. Na barua rasmi, kwa azimio namba saba, hutoka kwenye kompyuta kwa jina la mwenyekiti pamoja na vyeo vyake vyote.

Nyamusi aliiandika hapo hapo, kompyuta na printa zikiwa zimeletwa mkutanoni asubuhi ile. Watu wakanyoosha shingo kutazama. Akaingiza idhini, herufi sabini na sita, akabonyeza. JINA NI REFU MNO. MWISHO NI HERUFI 31.

"Toa hiyo ua," alisema mwenyekiti.

"Nikiitoa, Mheshimiwa, Jenerali atarudi."

Kamati ikajadili ni cheo gani kipunguzwe, na hapo ndipo ukaona ujasiri wa watu tisa. Atakayesema Mzee wa Kanisa kitoke, Jumapili atamtazamaje mchungaji. Atakayesema Daktari kitoke, amemwita mwenyekiti mwongo. Kila mmoja alikohoa, akamtazama mwenzake. Saa tano na nusu Kipruto akapendekeza jambo lisogezwe hadi mkutano wa Septemba, wakati huo mashine itakuwa imejifunza adabu. Wakapiga makofi. Wanachama wakatawanyika kwenda kuwahi kituo cha kupimia majani chai. Nyamusi alihisi machozi, akainama kujifanya anapanga karatasi.

Kati ya waliokaa kwenye mabenchi, Kipngeno peke yake hakuondoka. Alikuwa bado benchini saa sita mchana mke wa mwenyekiti alipofika akihema, gambuti zimejaa tope. Ng'ombe wao mkubwa, yule Friesian aliyekuwa akiandaliwa kwa maonyesho ya kilimo ya Kericho, alikuwa ameanza joto alfajiri. Anapanda wenzake, hali chakula, analia tu. Wiki tatu nyuma joto lake lilipita bure, kwa sababu Kipngeno alikuwa amesimamishwa na mpandishaji mwingine wa karibu yuko Siongiroi, na barabara imekatwa na mvua. Joto la alfajiri hupandishwa jioni. Likipita na hili, ni siku nyingine ishirini na moja, na maonyesho yanataka ng'ombe mwenye mimba inayosomeka.

Mwenyekiti, aliyekuwa bado mezani na Kipruto, alikwenda hadi benchini mwenyewe.

"Kipngeno. Leta pikipiki twende."

"Mimi nimesimamishwa, Mheshimiwa."

"Tumekusamehe. Umesikia."

"Nimesikia. Lakini mumesema mpaka barua. Nikigusa mrija bila barua, hiyo ni kosa, na hiyo nitakuwa nimefanya kweli."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomwambia mtu kwamba ng'ombe hajakuwa tayari, na mwenyekiti, aliyekuwa amesikia sauti hiyo kwenye boma lake miaka ishirini na miwili, alijua haibembelezwi. Akasimama dirishani. Akatazama saa. Akamwambia Kipruto amtafutie azimio namba saba, akamwambia aliache. Hatimaye akavuta kiti karibu na Nyamusi.

"Ondoa Mwenyekiti," alisema. "Kila mtu anajua mimi ni mwenyekiti."

Nyamusi akaondoa. Sitini na tano. Mashine ikakataa.

Mzee wa Kanisa kikaondoka, kwa hoja kwamba Mungu hasomi barua za ushirika. Hamsini. Mashine ikakataa. Kikaondoka Mheshimiwa, baada ya mkewe kusema kutoka mlangoni kwamba ng'ombe hatangoja siasa. Thelathini na tisa, na mashine, isiyo na haya, ikakataa.

Kilibaki kimoja. Mwenyekiti aliitazama skrini muda mrefu, na Nyamusi, aliyekuwa na kila sababu ya kufurahi, akamwonea huruma. Mtu anaweza kukaa maisha yote akitafuta kitu cha kutanguliza mbele ya jina lake. Kidole cha mwenyekiti mwenyewe ndicho kilichobonyeza, herufi moja moja, mpaka Daktari akaisha.

JOSHUA KIPCHIRCHIR ARAP MARITIM. Herufi thelathini na moja kamili. Mashine ikapokea.

Printa ikaanza kulia. Nyamusi akaikata karatasi, akampelekea Kipngeno benchini. Mzee akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. Kisha akaweka kidole mahali.

"Hapa imesema nimesamehewa."

"Ndiyo," alisema mwenyekiti. "Umesamehewa. Twende."

"Ya nini?"

Huko nje mke wa mwenyekiti alikuwa akipanda na kushuka ngazi.

"Miaka ishirini na mbili nimekuja kwako usiku na mchana," alisema Kipngeno. "Mtu anasamehewa kitu amefanya. Mimi nimefanya nini, Joshua?"

Hakuwa amewahi kumwita hivyo mbele ya watu. Kwa mara ya kwanza tangu Machi mwenyekiti akaonekana kama mtu aliyeulizwa swali badala ya kusomewa risala.

"Andika hakukosa," alimwambia Nyamusi. "Andika kamati ndiyo ilikosa."

Kipruto akainua mkono kutaka kuzungumzia utaratibu, akaushusha mwenyewe.

Nyamusi aliandika. Akakosea mara mbili, akarudia. Barua mpya ikatoka, fupi, mistari minne. Kipngeno akaisoma mara mbili kama ile ya kwanza, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mwenyekiti akageukia mlango.

"Bado," alisema Kipngeno. "Nataka nakala ishirini na sita. Malango ambayo nilifungiwa ni ishirini na sita. Na moja tena ya Priscah, aende nayo kwa wamama. Hiyo ni ishirini na saba."

Ilikuwa saa nane unusu. Printa ile ilikuwa ya sindano, kelele nyingi na mwendo wa kobe, na karatasi zake zilikuwa zile zenye utepe wa matundu kila upande, ambao lazima uchanwe kwa mkono, taratibu, usije ukapasua barua. Nyamusi peke yake hangemaliza kabla ya jioni. Mwenyekiti alisimama kidogo, akitazama karatasi zinavyotoka na kujikunja sakafuni. Akavua koti. Akakaa kwenye kigoda kando ya printa na kuanza kuchana matundu, upande huu, upande ule, barua baada ya barua, akizipanga mapajani na kumpa Kipngeno moja moja azikague.

Ya kumi na tisa ilikuwa imechanika kidogo pembeni. Kipngeno akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akamrudishia, na mwenyekiti akamwomba Nyamusi achape nyingine.